Ukurasa wa Arobaini na Moja

Alikuja Jumanne, saa tatu, sijawasha hata kompyuta,
Bi Mwanasha wa Mkomani, pumzi juu kwa ngazi zetu,
kifurushi kwapani, kimefungwa kwa leso
iliyofifia mpaka jina lake halisomeki.
"Nimesikia yuko mtu hapa anayekula vyuo."
Nikamwambia si mimi, ni mashine,
na mashine haili: huramba kwa mwanga tu,
kisha mwenyewe akarudi na chake.

"Na hapa ni wapi?"
Tawi la chuo kikuu, nikasema.
Akakipapasa kifurushi, penye mgongo wa ngozi.
"Kikuu kushinda hiki?"

Kwetu neno ni moja, naye alilijua.
Mimi ndimi niliyesomea mbali hata nikasahau
kwamba chuo mtu hukiingia,
na chuo mtu hukibeba kwapani.

Famau akaleta glavu nyeupe.
Bibi akazitazama kama mtu aliyeletewa uji wa mgonjwa
hali yeye ni mzima.
"Nawa. Kauka. Basi."
Tukanawa, tukakauka, tukafungua.

Wino mweusi, na mwekundu penye vituo;
herufi za Kiarabu, maneno ya nyumbani.
Mchwa alikuwa ametutangulia,
amesoma toka ukurasa wa tatu hadi wa tisa
bila kuruka mstari.
Kila ukurasa picha, kila picha nambari,
kila nambari mara tatu: seva ya hapa, diski ya kabatini,
na ile ya Mombasa tusiyowahi kuiona,
kwa kuwa chumvi ya Lamu haina adabu kwa chuma.
Ukurasa wa kumi na nane umeme ukaenda zake.
Betri ikalia kama kifaranga.
Tukangoja. Bibi akasinzia, mkono juu ya jalada.

Fomu nayo ina visanduku visivyokubali utupu.
Mwandishi? Sijui.
Mwaka? Bibi akasema: "Kabla ya mama, baada ya ndui."
Nikaandika hivyo hivyo. Kisanduku kikagoma,
kinataka tarakimu nne.

Tulipofika arobaini na moja, akaweka kiganja.
"Huu hapana."

Haikuwa dua, wala dawa, wala siri ya nyota.
Yalikuwa madeni.
Fulani, pishi tatu za mtama.
Fulani, pishi moja, na jembe hajarudisha.
Jina la tatu toka chini lilikuwa la babu wa babake Famau.
Akalisoma pembeni mwa kidole cha bibi,
akanyamaza,
akaanza kutengeneza taa isiyo na kasoro.

"Mdai amekufa, wadaiwa wamekufa," akasema bibi.
"Aibu ndiyo sijaona kaburi lake.
Na huo mtandao wenu hauna komeo."

Nikamweleza kuhusu nywila, na milango ya ndani,
na wasomaji wenye kibali.
Akanisikiliza vizuri sana. Kiganja hakikutoka.
Na mwongozo wa makao makuu wasema:
kila ukurasa, usirukwe hata mmoja.

Basi nikabonyeza.

Ndiyo picha ya arobaini na moja mpaka leo:
kiganja cha mwanamke mzee,
hina imekwisha kucha nusu,
mishipa yapanda kama mizizi ukutani,
na kati ya kidole cha shahada na cha kati
neno moja limechungulia: *pishi*.

Wiki ile Famau alipita Mkomani na kiroba begani.
Sikuuliza. Alirudi mikono mitupu,
unga kidogo kwenye ukosi.

Mwezi jana msomaji wa mbali ameandika,
kwa heshima, na nambari kamili ya picha:
kuna hitilafu, mkono umeziba maandishi,
tafadhali pigeni upya.

Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaenda kunywa maji.
Niliporudi nikaandika:
Hitilafu hakuna.
Ukurasa huo ndivyo unavyosomwa.